Hesabu za kazi isiyo na mwisho wa mwezi

Karibu kila programu ya simu ya kupanga matumizi, ukiifungua mara ya kwanza, hukuuliza unaingiza kiasi gani kwa mwezi. Mpiga picha za arusi wa mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo, hana jibu la swali hilo. Wala fundi cherehani wa Fizi, wala mkusanyaji wa takwimu anayeitwa na shirika kwa siku kumi kisha simu yake ikanyamaza miezi miwili, wala mkalimani anayetafsiri Kirundi kwa Kifaransa katika kambi ya wakimbizi ya Lusenda pale mradi unapokuwa na fedha. Hawa wote wana kazi na wana ujuzi. Wanachokosa ni mwisho wa mwezi.

Vijana wengi hupakua programu yenye rangi na michoro mizuri, wakaijaza wiki mbili, wakaiacha, halafu wakajilaumu kwamba hawana nidhamu ya pesa. Mara nyingi kosa si lao. Programu ile ilitengenezwa kwa mtu mwenye mshahara, mwenye benki, anayetumia sarafu moja na kuishi mahali ambapo umeme haukatiki. Kwa hiyo, kabla ya kutaja majina ya programu, inafaa tuitazame pesa yenyewe inavyoingia na kutoka katika nchi hii iliyo kati ya milima na Ziwa Tanganyika.

Ziwa ndilo linaloweka kalenda ya kwanza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufaa kwenye giza. Mwezi unapokuwa mpevu samaki hawakusanyiki kwenye mwanga, mitumbwi hupumzika, na baada ya siku chache mji wote huhisi: anayesuka nywele, dereva wa pikipiki, mwenye duka la kuchaji simu. Tena mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazozunguka ziwa hili. Biashara ya samaki haijui mpaka katikati ya maji, na anayeuza au kununua upande wa Kigoma huguswa na amri ya Dodoma hata kama yeye ni mtu wa Ubwari.

Kalenda ya pili inatoka kwenye dhahabu. Machimbo ya Misisi, kusini mwa territoire ya Fizi, yakitoa vizuri, pesa hushuka barabarani pamoja na wachimbaji: nguo hushonwa, arusi hufungwa, redio hununuliwa. Yakikauka, au usalama ukiharibika, fundi wa Lulimba anajua kabla ya gazeti lolote kuandika. Kalenda ya tatu ni ya misaada. Tangu 2015, Warundi walipoanza kupokelewa Lusenda na baadaye Mulongwe, mashirika yamekuwa mwajiri mkubwa wa kazi fupi katika eneo hili: tafsiri, tafiti, ujenzi wa vyoo, kupiga picha za ripoti, kukodisha pikipiki. Kazi hizi hulipa vizuri kuliko soko, lakini huanza na kuisha kwa maamuzi yanayofanywa mbali sana. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu waliokuwa na mkataba mkononi waliambiwa wasubiri.

Na ipo pesa ya ndugu. Watu wa Fizi waliokimbia vita kuanzia 1996 walivuka ziwa kwa maelfu, wengi wakaishi kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na baadhi yao wako Amerika leo. Pesa yao huja kwa ugonjwa, kwa msiba, kwa ada ya shule. Huja na jina la kazi yake tayari. Anayeichanganya na mapato ya kazi yake atajidanganya kwamba kazi inamlipa, kumbe anayemlipa ni shangazi aliyeko Ohio.

Hizo ndizo njia za kuingia. Ndani ya mfuko mambo yanazidi kuwa magumu, kwa sababu mfuko wenyewe ni wa sarafu mbili. Kamera, simu, pikipiki, kodi ya nyumba nzuri na mkataba wa shirika huhesabiwa kwa dola. Unga, mboga, kuchaji simu, nauli na sabuni ni faranga. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa karibu faranga 930; mwisho wa 2017 ilikaribia 1,600; mwaka 2024 ilizunguka 2,800. Kisha katika miezi ya mwisho ya 2025 faranga ikapanda ghafla na dola ikashuka chini ya 2,500, wakati bei sokoni hazikushuka kwa mwendo huo huo. Aliyekuwa amejifunza kwa miaka kwamba kuweka dola ni usalama alijikuta akiba yake inanunua unga kidogo kuliko jana. Ongeza faranga za Burundi na shilingi za Tanzania kwa wale wanaovuka, ongeza noti ya dola iliyochanika kidogo pembeni ambayo hakuna atakayeipokea bila kuikata bei, na utaona kwamba swali la "nina kiasi gani?" halijibiwi kwa namba moja.

Hapa ndipo programu nyingi huanguka. Baadhi hukuruhusu kuchagua sarafu moja tu siku unapojiandikisha. Nyingine hukubali sarafu nyingi lakini huchukua bei ya kubadilisha kutoka kwenye intaneti, na bei ya intaneti siyo ya mbadilisha pesa aliyekaa sokoni na meza yake. Tuchukue mfano wa mwaka 2024. Mpiga picha amekubaliana na bwana arusi dola 100. Amepokea 40 taslimu kama avansi. Baada ya sherehe mteja anamwambia, "Yaya, dola zimepotea mjini, zile 60 nikupe kwa faranga, tuhesabu 2,800." Anapokea faranga 168,000. Akienda kununua dola anakuta zinauzwa 2,850, na zile 168,000 zinampa dola 58 na senti 95. Dola moja na kitu imepotea njiani. Kwa arusi moja si neno. Kwa mtu anayelipwa hivyo mara nne kwa mwezi ni gharama ya kazi kama betri au kadi ya kumbukumbu, na programu inayofaa ni ile inayokuacha uandike mwenyewe: zimetoka faranga hizi, zimeingia dola hizi.

Pesa ya simu imepunguza tatizo kwa upande mmoja. M-Pesa ya Vodacom iko Kongo tangu 2012, na Airtel Money na Orange Money nazo zipo. Tofauti na ile ya Kenya iliyoanza Machi 2007 ikiwa na shilingi peke yake, M-Pesa ya Kongo hukuuliza kwanza kama unataka faranga au dola, na salio la kila moja hukaa peke yake. Huduma hizi hufanya kazi kwa namba fupi bila intaneti, na kila muamala huacha ujumbe wenye tarehe, kiasi, namba ya muamala na salio. Ujumbe ule ni risiti. Anayeufuta ili kupata nafasi ya picha anafuta kitabu chake cha mahesabu, na ningependa kila mtu anayejitafutia aache tabia hiyo leo. Lakini tusisahau kwamba pesa ya simu hutegemea wakala kuwa na noti. Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, benki zilifunga milango na waliokuwa na akiba humo waliitazama kwa mbali. Desemba 2025 vita vilipofika Uvira, barabara inayoilisha Baraka ikawa mashakani. Katika hali ya namna hiyo salio la kwenye simu linabaki kuwa kubwa kwenye kioo na dogo mkononi. Anayepanga bajeti huku lazima ajue sehemu gani ya pesa yake iko wapi: taslimu dola, taslimu faranga, simu dola, simu faranga, sanduku la kikundi. Hizo ni akaunti tano, na programu isiyoweza kuzishika zote kila moja kwa jina lake haifai, hata ikisifiwa na dunia nzima.

Sasa tuzipitie programu zenyewe kwa makundi.

Kundi la kwanza ni programu kubwa za bajeti za Marekani na Ulaya. Mint, iliyokuwa maarufu kuliko zote, ilifungwa na mwenye mali, kampuni ya Intuit, Machi 2024, na mamilioni ya watu wakalazimika kuhamisha kumbukumbu zao. Hilo peke yake ni onyo kwa anayeweka miaka ya hesabu mahali asipoweza kuitoa. YNAB bado ipo, na gharama yake imefika dola 109 kwa mwaka, hulipwa kwa kadi ya benki ambayo wengi wa Baraka hawana. Nguvu ya programu za aina hii ni kuungana na benki na kusoma miamala peke yake. Mtu wa pesa taslimu hafaidiki nayo. Kwa hiyo, kama chombo, tuziache. Lakini YNAB ina wazo moja ambalo ni bora kuliko programu yenyewe, na linamfaa sana mtu wa kipato cha kuruka: usipange pesa unayoitegemea, panga ile tu iliyokwisha kuingia, na kila dola ipewe kazi kabla haijatoka. Wazo hilo halina ada. Linafanya kazi kwenye kaye, yaani daftari, la kurasa 100 sawasawa na kwenye simu. Goodbudget, yenye mtindo wa bahasha, imejengwa juu ya wazo linalofanana na hilo.

Kundi la pili ni programu za uhasibu wa kampuni: QuickBooks, Xero, Zoho Books. Zinatoa ankara nzuri, zinafuatilia kodi, zinampa mhasibu ripoti anayoitaka. Kwa kawaida zinahitaji intaneti ya kudumu na malipo ya kila mwezi. Kama una karakana yenye mafundi sita na mikataba na mashirika makubwa yanayodai ankara zenye namba mfululizo, unaweza kufikiria. Mtu mmoja na kamera yake asijitie mzigo huo.

Kundi la tatu ndilo lenye faida: programu ndogo za kuandika mapato na matumizi zinazokaa ndani ya simu yenyewe. Monefy ni rahisi kiasi kwamba mtu asiyependa hesabu ataizoea kwa siku moja, lakini urahisi huo huo humzuia mbele anapotaka kufuatilia madeni. Wallet, ya kampuni ya BudgetBakers ya Ucheki, ina mengi, ila sehemu zake nzuri zimefungwa hadi ulipe. Ningemwelekeza msomaji kwenye My Expenses. Ni programu huria kwa simu za Android, inafanya kazi bila intaneti, inaruhusu akaunti nyingi zenye sarafu tofauti, na ukihamisha kutoka akaunti ya faranga kwenda ya dola unaweka kiasi cha pande zote mbili mwenyewe. Ina mahali pa kuandika nani anakudai na nani unamdai, ina neno la siri, ipo kwa Kifaransa, na inatoa kumbukumbu zako kama faili la jedwali ambalo kompyuta yoyote inalifungua. Baadhi ya huduma zake za ziada hulipiwa, lakini za msingi zinatosha. Haina urembo. Mtu akitaka michoro ya kuonyesha marafiki atatafuta nyingine.

Kundi la nne ni la wenye kompyuta. Wapo wengi kuliko tunavyodhani: wenye vibanda vya kuchapa na kutoa nakala, wanaohariri video, wanaoandika miradi kwa niaba ya vyama. GnuCash ni ya bure, ina zaidi ya miaka 25, inashika sarafu nyingi na hufuata uhasibu wa pande mbili, yaani kila kiasi kinaandikwa kimetoka wapi na kimeingia wapi. Inahitaji subira ya kujifunza. Manager, katika toleo lake la kompyuta, nayo ni ya bure na haihitaji intaneti, na ankara zake ni nzuri kuliko za GnuCash. Kwa mtu anayetuma ankara tatu au nne kwa mwezi kwa mashirika, ningechagua Manager bila kusita. Kwa anayependa kuelewa hesabu zake hadi chini, GnuCash. Na jedwali la Excel au LibreOffice lililopangwa vizuri, lenye safu za tarehe, maelezo, sarafu, kilichoingia, kilichotoka na bei ya dola siku ile, hushinda programu nyingi za kununua. Mwenye jedwali lake hategemei kampuni yoyote kubaki hai.

India ilizaa kundi jingine, la vitabu vya madeni kama Khatabook, ambamo muuza duka anaandika mkopo wa kila mteja na mteja anakumbushwa kwa ujumbe. Wazo hilo lingefaa sana Baraka, ambako nusu ya kazi ya fundi ni kukumbuka nani hajamalizia. Lakini programu ile imejengwa kwa rupia na kwa maisha ya Kihindi. Anayeandika programu za simu Bukavu, Uvira au Bujumbura na anatafuta jambo la kufanya ana kazi inayomngoja hapo: daftari la madeni la sarafu mbili, lenye Kiswahili, linalosoma ujumbe wa pesa za simu, lisilohitaji intaneti.

Wakusanyaji wa takwimu, kwa upande wao, wana chombo mkononi ambacho wachache wamewahi kukifikiria kwa matumizi yao binafsi. KoboToolbox, iliyoanzia Harvard kwa ajili ya kazi za dharura na sasa inatumiwa na mashirika kila pembe ya Kivu, hukuruhusu kutengeneza fomu yako mwenyewe bure na kuijaza bila mtandao. Kijana anayejua kuandika fomu ya maswali 80 kuhusu visima anaweza kuandika fomu ya maswali sita kuhusu pesa yake: tarehe, sarafu, imeingia au imetoka, kiasi, kwa ajili ya nini, iko wapi sasa. Mtandao ukipatikana hutuma, na jedwali linajitengeneza.

Programu yoyote utakayochagua, kazi nzito inabaki kwenye namna ya kuitumia. Wengi hufanya hesabu ya wastani. Tuseme mpiga picha wetu, akishatoa gharama za kazi, amebaki na dola 420 mwezi wa kwanza, 60 wa pili, sifuri wa tatu, 310 wa nne, 90 wa tano na 260 wa sita. Jumla ni 1,140, wastani ni 190 kwa mwezi. Akiamua nyumba itumie 190 kila mwezi, mwezi wa kwanza atabakiwa na 230, wa pili 100, na wa tatu atakuwa na upungufu wa 90. Atakopa, na mkopo wa dharura huja na riba yake. Wastani ni wa kweli lakini haumlishi mtu mwezi wa tatu.

Afanye hivi badala yake. Ajiwekee mshahara wa nyumba wa dola 120. Mwezi wa kwanza unabakiza 300, wa pili 240, wa tatu 120, wa nne 310, wa tano 280, na mwisho wa nusu mwaka ana 420 ambazo ni akiba ya kamera na ya miezi mibaya itakayofuata. Kikomo chake halisi katika miezi hiyo ni 160: hapo mwezi wa tatu ungeishia sifuri kamili, bila senti ya dawa. Kwa hiyo 120 ni uamuzi wa mtu anayejua kwamba mambo yanaweza kuwa mabaya kuliko miezi hiyo sita. Na kama anaanza katika mwezi mkavu, mshahara uanze chini zaidi hadi mwezi mnono upite. Ili kuipata namba hii unahitaji kumbukumbu za miezi sita au zaidi, tena zenye ukweli. Hapo ndipo programu inapolipa taabu ya kuijaza. Wenye mke au mume wakae pamoja kuipanga namba hiyo, kwa sababu mshahara wa nyumba ambao mwenye nyumba mwenzako haujui utavunjwa wiki ya kwanza ya mwezi mnono.

Katika programu, hilo linamaanisha mafungu mawili makubwa juu ya zile akaunti tano: kazi na nyumba. Pesa yote ya wateja huingia kwenye kazi. Kila tarehe moja kazi inailipa nyumba kiasi kilekile. Pesa ya ndugu kutoka nje haiingii kwenye kazi kabisa; ina mstari wake, na kazi yake iliyotajwa na aliyeituma.

Wapo watakaosema kwamba haya yote hufanywa tayari na vikundi, na wana haki. Likirimba, ambamo kila mmoja hupokea fungu la wote kwa zamu, na AVEC, yaani vyama vya kijiji vya kuweka akiba na kukopeshana, ambazo zilianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE na sasa zimejaa Kivu nzima, zimewafundisha watu wa huku bajeti kuliko programu yoyote. Sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu ni ulinzi ambao neno la siri la simu halitoi: huwezi kulifungua peke yako usiku ukiwa na tamaa. Shida ya AVEC kwa mtu wa kipato cha kuruka ni kwamba hisa hununuliwa kila wiki, na wiki yake haina pesa kila mara. Dawa ni kununua hisa kutoka kwenye ule mshahara wa nyumba, kwa kiwango cha chini ambacho mwezi mkavu unakimudu, na kuziandika kwenye programu kama akaunti, kwa kuwa ni mali yako. Nchini Tanzania Vodacom ilianzisha M-Koba mwaka 2019 ili vikundi viweke akiba kwenye simu. Kongo ingefaidika na kitu kama hicho cha sarafu mbili, mradi sanduku lisitupwe.

Sheria nayo haidai makubwa kama watu wanavyoogopa. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na mfumo wa uhasibu wa jumuiya hiyo, uliorekebishwa na kuanza kutumika 1 Januari 2018, una ngazi ya chini kabisa kwa biashara ndogo: unaandika kilichoingia na kilichotoka, unahifadhi vielelezo, unafuatilia madeni na mali. Kwa watoa huduma ngazi hiyo inafika hadi mapato ya faranga za CFA milioni 30 kwa mwaka, kiasi ambacho fundi wa Baraka anayefanya kazi peke yake yuko mbali nacho. Maana yake, kaye lililoandikwa vizuri, au faili lililotoka kwenye My Expenses na kuchapwa kila mwisho wa mwezi, linaelekea moja kwa moja kwenye kile sheria inachokitambua. Anayetaka siku moja kuomba zabuni ya shirika au mkopo aanze kuweka vielelezo hivyo sasa.

Jambo moja zaidi halizungumzwi katika maelezo ya programu hizi kwa sababu waliozitunga hawalijui. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Anayesafiri kutoka Baraka kwenda Misisi na mashine ya kushonea juu ya pikipiki hulipa njiani, mara nyingi bila risiti, na malipo hayo yaandikwe kama gharama ya kazi kwa jina la wazi ili bei ya safari nyingine iwe ya kweli. Lakini simu nayo hupita kwenye kizuizi. Programu inayoonyesha salio la akiba yako mara tu kioo kinapowaka ni hatari kwa mwenyewe. Weka neno la siri kwenye programu, zima arifa zake, andika wateja kwa herufi mbili badala ya majina kamili. Nakala ya kumbukumbu ikae kwenye kadi nyumbani au kwa ndugu wa mji mwingine, kwa kuwa katika nchi hii mtu huweza kuondoka na nguo alizovaa tu. Na kaye lisitupwe. Siku jua halikutoka na betri imeisha, kalamu inaandika.

Kipengele ambacho ningekitafuta kwanza katika programu yoyote, kabla ya rangi na kabla ya michoro, ni nafasi ya kuandika tarehe tatu kwa kila kazi: siku kazi ilipokwisha, siku ankara ilipotumwa, siku pesa ilipoingia. Kama programu haina nafasi hiyo, ziandike kwenye maelezo. Sehemu ya ukavu wa miezi yetu haitoki ziwani wala mgodini. Inatoka kwa wateja, wakiwemo wenye uwezo, wanaochukua kazi leo na kulipa baada ya siku 90 huku fundi akikopa kwa riba ili ale. Baada ya mwaka mmoja tarehe hizo zitakuonyesha bila ubishi nani hulipa kwa siku kumi na tano na nani kwa miezi mitatu. Wa kwanza mpunguzie bei. Wa pili, akija tena, mwambie kwa heshima kwamba nusu ya malipo inatangulia kabla kamera haijatoka kwenye mfuko wake, na kwamba siku za kuchelewa zimeshaingizwa ndani ya bei.